Askari, rangi, jinsia na majeraha ya akili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni mkalimani wa Kiswahili hospitalini, huku Marekani. Wazazi kutoka Kenya, Tanzania, Kongo na Burundi huniuliza maswali yale yale kuhusu vijana wao waliojiunga na jeshi la nchi hii wakarudi wamebadilika. Nimeyakusanya hapa. Majibu mengi yanatoka kwenye vita vya Vietnam, kwa sababu maveterani (askari wa zamani) wa vita vile ndio waliohojiwa kwa makini zaidi, weupe na weusi, wanaume na wanawake, na majibu yao bado yanatufaa leo. Sitoi dawa wala sipimi mtu. Hiyo ni kazi ya daktari.

Kiwewe cha vita ni kitu gani hasa?

Ni hali ya mwili na akili kuendelea kujilinda dhidi ya hatari ambayo imeshapita. Madaktari huiita PTSD, na huitambua kwa mambo manne. Tukio linajirudia lenyewe, iwe kwa ndoto au kwa kumbukumbu zinazokuja bila kuitwa. Mtu anakwepa kila kinachomkumbusha. Moyo unakufa ganzi, au unajaa hatia na hasira. Na mwili unakesha, hata katikati ya watu anaowapenda. Dalili hizi zikizidi mwezi mmoja na kuvuruga kazi, usingizi au ndoa, ni ugonjwa unaohitaji tiba.

Kwenye harusi utamwona amechagua kiti cha pembeni, mgongo ukutani, macho mlangoni, pilau limepoa mbele yake. Shangazi zake watasema siku hizi anaringa.

Jina PTSD liliingia rasmi katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, na maveterani wa Vietnam walichangia sana kulipigania. Kabla ya hapo mtu aliitwa mwoga, mlevi, au mwenye tabia mbovu toka utotoni.

Kwa nini Vietnam ndiyo inayotajwa kila mara?

Mwaka 1983 Bunge la Marekani liliagiza utafiti wa nchi nzima kuhusu maveterani wa vita hivyo. Watu zaidi ya 3,000 walihojiwa, kila mmoja kwa saa kadhaa: waliofika Vietnam, waliokuwa jeshini lakini hawakupelekwa huko, na raia wa kulinganisha nao. Ilibainika kwamba karibu wanaume 31 kati ya 100 waliofika Vietnam walikuwa wamepata PTSD wakati fulani maishani, na wanawake 27 kati ya 100. Zaidi ya miaka 10 baada ya Wamarekani kuondoka, wanaume 15 na wanawake kama 8 kati ya 100 walikuwa bado wanaumwa.

Wapo waliosema takwimu hizo zimetiwa chumvi, kwamba maveterani walikuwa wanatafuta fidia. Mwaka 2006 watafiti wengine wakarudia hesabu kwa masharti makali zaidi, wakilinganisha maelezo ya kila mtu na kumbukumbu za jeshi. Idadi ikashuka hadi kama 19 kati ya 100 kwa maisha yote, na 9 kati ya 100 kwa wale ambao bado walikuwa wagonjwa. Lakini waliodanganya walikuwa wachache mno. Tena kanuni moja ilijitokeza waziwazi kuliko mwanzo: kadiri askari alivyoona mapigano makali zaidi ndivyo alivyozidi kuumwa. Ukisoma majibu yanayofuata, shika hilo.

Je, rangi ya mtu ndiyo inayomfanya augue?

Hapana. Lakini rangi ya mtu ndiyo iliyoamua mara nyingi apelekwe wapi, na apokelewe vipi akirudi.

Katika utafiti ule wa kwanza, waliokuwa bado wanaumwa walikuwa karibu 14 kati ya 100 kwa weupe, 21 kwa weusi na 28 kwa Walatino, yaani Wamarekani wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Ukiishia hapo utadhani kuna kitu katika damu. Watafiti walipolinganisha mweupe na mweusi waliopitia mapigano ya kiwango kimoja, sehemu kubwa ya tofauti yao ikayeyuka. Kwa hiyo swali la haki ni hili: kwa nini mweusi alikutwa mstari wa mbele mara nyingi zaidi?

Sababu zinajulikana. Kijana aliyekuwa chuo kikuu aliweza kuahirishiwa wito wa jeshi, na vyuo vilikuwa vimejaa watoto wa wenye nacho, wengi wao weupe. Oktoba 1966 waziri wa ulinzi, Robert McNamara, alianzisha mpango wa kuchukua vijana waliokuwa wamefeli mitihani ya kuingia jeshini. Zaidi ya 350,000 walichukuliwa hivyo, na karibu 40 katika kila 100 walikuwa weusi. Waliahidiwa ujuzi wa kazi, lakini wengi walikabidhiwa bunduki na kupelekwa kwenye vikosi vya ardhini. Mwanzoni mwa vita Wamarekani weusi walikuwa zaidi ya 20 katika kila 100 waliokufa, wakati walikuwa kama 11 tu katika kila 100 ya wananchi. Baada ya kelele nyingi kiwango kilishuka, na hadi vita vinakwisha kilikuwa kama 12.

Halafu kuna yale ambayo hayaandikwi kwenye kumbukumbu za mapigano. Martin Luther King alipouawa, Aprili 1968, baadhi ya askari weupe kwenye kambi ya Cam Ranh Bay walipandisha bendera ya majimbo ya Kusini, ile ya waliopigania utumwa, na kusherehekea. Fikiria umelala kwenye kambi ile. Kesho yake unatoka doria, na anayekulinda nyuma ni mmoja wa wale. Mwili unaokesha kwa ajili ya adui aliyeko msituni sasa unakesha na kwa ajili ya jirani wa kitanda. Mimi siwezi kuliita hilo jambo dogo, na namheshimu kila daktari anayeuliza habari zake.

Waliporudi, weusi walikuwa wamepewa vyeti vibaya vya kuachishwa jeshi kwa uwiano mkubwa kuliko weupe, mara nyingi kwa makosa ya nidhamu ambayo huenda yalikuwa dalili za ugonjwa wenyewe. Cheti kibaya kilimaanisha kukosa matibabu, masomo na mkopo wa nyumba.

Na Walatino? Mbona wao walizidi wote?

Hapa mapigano peke yake hayatoshi kueleza. Wengi wao walikwenda wakiwa wadogo zaidi kwa umri na wenye elimu ndogo, na mambo hayo mawili humwongezea hatari askari yeyote. Wataalamu wengine wanataja namna ya kuueleza uchungu: palipo na desturi ya kusema wazi maumivu ya moyo na mwili, dodoso litakusanya mengi zaidi. Naona ni hoja ya kuangalia kwa tahadhari, maana ni rahisi ikageuka kuwa "hawa wanapenda kulalamika".

Wenyeji wa asili wa Marekani walihesabiwa?

Mwanzoni hawakutosha kwenye sampuli. Seneta Spark Matsunaga wa Hawaii, mwenyewe askari wa Vita vya Pili vya Dunia na mtoto wa wahamiaji kutoka Japani, alidai jamii zilizosahaulika zichunguzwe. Alifariki mwaka 1990, na mradi uliofuata ukapewa jina lake. Watafiti walikwenda kwenye maeneo ya wenyeji wa asili ya nyanda za kaskazini na ya kusini-magharibi, kisha Hawaii.

Walichokuta kinatisha. Katika nyanda za kaskazini, zaidi ya nusu ya maveterani walikuwa wamepata PTSD maishani, na karibu theluthi moja walikuwa bado wanaumwa. Kusini-magharibi hali ilikaribia hiyo. Tena sababu kuu ikawa ile ile: walikuwa wamepigana zaidi. Katika vikosi, mwenyeji wa asili alidhaniwa kuzaliwa na jicho la mwindaji, basi mara nyingi akawekwa kutangulia doria, mahali ambapo mabomu ya kutegwa humkuta mtu wa kwanza. Sifa ya kubuni ilimtanguliza mtu kwenye mauti.

Jamii hizi zina kitu ambacho jeshi halikuwa nacho. Wanavajo, mojawapo ya jamii za kusini-magharibi, wana tambiko la siku kadhaa la kumsafisha mtu aliyerudi vitani, aliyegusa maiti au kumuua adui. Ndugu na majirani hukusanyika, nyimbo huimbwa usiku, na aliyekwenda peke yake huingizwa tena nyumbani mbele ya watu wote. Mpiganaji wa Kimarekani wa kawaida alikaa Vietnam takriban siku 365, akapanda ndege peke yake, na katika siku moja au mbili alikuwa jikoni kwa mama yake na vumbi la kule bado lipo kwenye buti. Hospitali kadhaa za maveterani sasa zina vibanda vya jasho uwanjani, vya mvuke wa kujitakasa, vinavyoongozwa na wazee wa jamii hizo.

Vipi askari aliyefanana kwa sura na adui?

Hili huulizwa na wachache, na linanigusa. Wamarekani wenye asili ya Asia wamesimulia jinsi mkufunzi alivyowasimamisha mbele ya kikosi na kusema: mtazameni huyu, adui wenu anafanana hivi. Walitukanwa kwa tusi lile lile walilotukanwa Wavietnam. Wengine waliogopa kuvua sare, wasije wakapigwa risasi na wenzao. Mwanasaikolojia Chalsa Loo alitengeneza kipimo maalumu cha mateso ya aina hii, na kilionyesha kwamba ubaguzi ndani ya jeshi unaongeza ugonjwa juu ya ule unaoletwa na mapigano.

Hawaii ilitoa jambo la kushangaza. Wahawaii asilia walipata PTSD kwa kiwango kisichopishana sana na weupe wa Marekani bara, lakini wenye asili ya Japani walikuwa chini kabisa, kama 9 kati ya 100 maishani. Wengine wanasema elimu yao ilikuwa juu, wengine kwamba walirudi kwenye visiwa ambako sura yao ni ya kawaida, wengine kwamba walizoea kunyamaza. Mimi navutiwa na hilo la pili, kwa kuwa nimeona jinsi kijana anavyopumua akifika mahali asipolazimika kujieleza.

Wanawake hawakupigana Vietnam. Waliumizwa na nini?

Kati ya wanawake wanajeshi wa Marekani wapatao 11,000 waliokwenda Vietnam, karibu 9 katika kila 10 walikuwa wauguzi. Wengi walikuwa na miaka 22 au 23, chuo wamekimaliza juzi.

Helikopta zikitua na majeruhi wengi kwa mpigo, kazi ya kwanza ni kuwapanga: huyu aingie chumba cha upasuaji sasa hivi, huyu anaweza kusubiri, huyu hawezi kupona. Wa kundi la mwisho waliitwa kwa neno la Kiingereza lenye maana ya "wanaotarajiwa", yaani wanaotarajiwa kufa. Waliwekwa kando, nyuma ya pazia. Muuguzi akipata dakika alikwenda kukaa na mmoja wao. Kijana wa miaka 19, kichwa kimefungwa bandeji hadi machoni, anauliza kama mama yake ameshafika. Muuguzi anamshika mkono na kujibu: niko hapa. Halafu anaitwa, helikopta nyingine imetua. Hakuna anayemhesabu huyu kuwa amepigana, lakini ameamua nani aachwe, mara kadhaa kabla ya chakula cha mchana.

Na mabomu hayakuchagua mwanamume wala mwanamke. Luteni Sharon Lane, muuguzi wa wodi ya wagonjwa Wavietnam huko Chu Lai, aliuawa na roketi tarehe 8 Juni 1969 akiwa na miaka 25. Kwenye ukuta wa kumbukumbu ya waliokufa vita hivyo, Washington, kuna majina zaidi ya 58,000, na 8 tu ni ya wanawake.

Waliporudi walikaa kimya. Vituo vya maveterani vilijengwa kwa ajili ya wanaume, na wanawake wengi hawakuambiwa kwamba wana haki ya kutibiwa huko. Diane Carlson Evans, aliyekuwa muuguzi Vung Tau na Pleiku, alianza mwaka 1983 kudai sanamu ya wanawake, na mwaka 1987 tume husika ikamkatalia. Hakuacha. Sanamu ilizinduliwa tarehe 11 Novemba 1993. Ina wanawake watatu: mmoja amempakata majeruhi juu ya magunia ya mchanga, mmoja anatazama angani kama anayesubiri helikopta, na wa tatu amepiga magoti nyuma, ameshika kofia ya chuma isiyo na mwenyewe. Ukifika, zunguka hadi nyuma. Wageni wengi huondoka bila kumwona huyo.

Binti yangu anasema aliumizwa na mtu wa kikosi chake mwenyewe. Hilo nalo linahesabika?

Linahesabika, na ni miongoni mwa mambo yanayoleta PTSD kwa nguvu kubwa. Idara ya maveterani humuuliza kila mgonjwa wake kama aliwahi kubakwa au kusumbuliwa kingono akiwa jeshini. Karibu mwanamke 1 kati ya 3 hujibu ndiyo, na mwanamume 1 kati ya 50. Kwa kuwa wanaume jeshini ni wengi, hiyo 1 kati ya 50 ni maelfu kwa maelfu ya wanaume, na hao ndio wanaochelewa zaidi kusema.

Matibabu yake ni bure, hata kama hakuripoti wakati ule na hata kama hana karatasi yoyote ya ushahidi. Mama au baba, usimuulize alikuwa amevaa nini wala kwa nini alinyamaza. Mpeleke tu, ukae naye kwenye benchi.

Nimesikia haya ni magonjwa ya wazungu. Mwafrika ana moyo mgumu.

Naomba tulijibu hili kwa historia. Kuanzia mwaka 1938 hospitali ya Mathari, Nairobi, iliongozwa na daktari wa kikoloni, J.C. Carothers. Maandishi yake, yaliyochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, yalimfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mawazo kama hayo ndiyo yaliyofanya iaminike kwamba Mwafrika hana undani wa kutosha kuugua sonona. Tunaposema "hayo ni ya wazungu", tunamrudishia Carothers kiti chake.

Wakati anaandika, maelfu ya askari wa keya, yaani Waafrika wa jeshi la Waingereza, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland (sasa Malawi) walikuwa wamesharudi kutoka Burma (sasa Myanmar), kwenye Vita vya Pili vya Dunia. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw mwaka 1944, kwenye tope, malaria na risasi. Waliporudi walipewa nguo za kiraia na nauli. Hakuna aliyewauliza wanalalaje.

Na Wavietnam wenyewe?

Ni haki kuuliza. Mwaka 1995 serikali ya Vietnam ilitangaza kwamba wapiganaji milioni 1.1 wa upande wake na raia wapatao milioni 2 walikufa. Wanawake wao walikuwa vitani waziwazi. Maelfu ya wasichana wa vikosi vya vijana vya kujitolea walifukia mashimo ya mabomu kwenye barabara za kupeleka silaha kusini. Tarehe 24 Julai 1968, kwenye njia panda ya Dong Loc, bomu moja liliwafukia wasichana 10 wa kundi moja. Waliosalia walirudi vijijini na malaria na umri wa kuolewa umewapita, na wengine waliamua kuzaa bila waume ili wasizeeke peke yao.

Je, ugonjwa huu huisha wenyewe na umri?

Kwa wengine hupungua, kwa wengine huzidi. Maveterani wale wale walipohojiwa tena mwaka 2012 na 2013, kama miaka 40 baada ya vita, wanaume 4 au 5 kati ya 100 bado walikuwa na PTSD kamili, na wengine zaidi walikuwa na sehemu ya dalili. Lakini waliozidiwa walikuwa karibu mara mbili ya waliopata nafuu kubwa. Kustaafu huwa hatari: kazi iliyokuwa inamshughulisha imekwisha, mke amefariki, na usiku unakuwa mrefu. Usishangae mzee wa miaka 70 akianza kupiga kelele usingizini.

Tiba zipo?

Zipo, na zinafanya kazi. Zenye ushahidi mkubwa ni za mazungumzo: mtu anasimulia tukio taratibu mbele ya mtaalamu, tena na tena, mpaka linakuwa kumbukumbu badala ya shambulio, au anachambua fikra zilizomkwama, kama "ningegeuka mapema asingekufa". Kwa kawaida huchukua wiki 8 hadi 15. Dawa kama sertraline na paroxetine husaidia baadhi ya watu. Vidonge vya kutuliza vya jamii ya diazepam havishauriwi kwa ugonjwa huu. Pombe huleta usingizi wa saa 3, kisha hurudisha ndoto kwa nguvu.

Ombeni mkalimani, ni haki yenu. Msimtumie mtoto kutafsiri. Nimewahi kumkuta binti wa miaka 12 akitafsiri jinsi baba yake alivyookota miguu ya rafiki yake.

Nimpigie nani usiku?

Ukiwa Marekani piga 988, kisha bonyeza 1, ni simu ya msaada ya maveterani. Ni saa 24, na ndugu wa askari pia anaruhusiwa kupiga. Kama kuna bunduki nyumbani na amesema hataki kuishi, iondoke nyumbani usiku huo huo, iwekwe kwa jirani au ndugu.

Mume wangu anapoota vibaya, nimwamsheje?

Babu yangu alikuwa keya, Burma. Nyumbani kwake wajukuu tulifundishwa na bibi kabla hatujajua kusoma: babu haguswi akiwa amelala. Unasimama mlangoni, unawasha taa, unamwita jina lake lote, la kwake na la baba yake, mpaka aitike. Akiitika unamwambia mahali alipo. "Uko nyumbani, baba. Ni mimi. Mvua imenyesha." Kisha unasubiri akae kitandani mwenyewe, miguu iguse sakafu, ndipo unamletea maji.

Fanya hivyo hivyo.